Kukanda bila kudhuru: mwongozo kamili wa mkandaji, tangu mteja abishe hodi hadi arudi kwake

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafunza vijana kazi ya ukandaji hapa Mombasa, na kila kundi jipya huanguka mahali pale pale. Mikono yao huwa mizuri, na baada ya miezi michache mtu aliyelala kitandani hawezi kuwatofautisha na waliowatangulia. Wanapoangukia ni katika dakika kumi za kwanza, pale mteja anapoingia akisema, "Mimi nimezoea, nikande tu," nao wakaona haya kumuuliza lolote, wakamimina mafuta.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dakika hizo na kwa ajili ya mipaka inayofuata baada yake. Unamhusu anayefanya kazi katika hoteli za Nyali na Bamburi, anayekanda chini ya makuti pale Jomo Kenyatta Public Beach, ambako wenyeji hupaita Pirates, na pia mama anayeitwa majumbani Mji wa Kale kumkanda mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, au bibi harusi.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kumpokea mtu

Vitu vifuatavyo viwepo karibu nawe, kwa kuwa kinachotafutwa katikati ya kazi kwa mikono yenye mafuta huwa hakionekani.

- Daftari la mahojiano, ukurasa mmoja kwa kila mteja, pamoja na kabati au sanduku lenye kufuli.
- Kipima presha cha umeme kinachofungwa juu ya kiwiko. Vile vya kufungwa kifundoni mwa mkono hukosea upesi mkono ukiwekwa vibaya.
- Kipimajoto cha maji, ikiwa unatumia mawe ya moto. Kama huna kipimajoto, usitumie mawe.
- Shuka mbili safi na taulo mbili kwa kila mteja, na leso (kanga) mbili za pamba.
- Mafuta yasiyo na harufu, katika chupa ya kubonyeza ili usichovye vidole. Mafuta ya nazi yanatosha. Kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, hapa kwetu huwa maji karibu mwaka mzima, na kwa joto hili huchacha. Nunua kidogo kidogo.
- Sabuni, maji yanayotiririka na mkasi wa kucha.
- Saa ya ukutani ambayo mteja naye anaiona.
- Karatasi ya simu iliyobandikwa ukutani: 999 na 112 za dharura, kituo cha afya kilicho karibu, mkunga, na mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa.

## Hatua ya 1: Tayarisha chumba na mikono

Kata kucha hadi zisionekane ukiutazama mkono upande wa kiganja. Vua pete na saa. Nawa kwa sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, ukifika kati ya vidole na juu ya vifundo, kisha nawa tena mteja anapoondoka, hata kama hukumgusa zaidi ya mabega.

Pima urefu wa kitanda kwa kusimama kando yake mikono ikining'inia: vifundo vya ngumi yako viguse uso wa kitanda. Kikiwa juu zaidi utasukuma kwa vidole gumba, na mkandaji anayesukuma kwa vidole gumba huchoka, na akichoka hukosea. Kwa maoni yangu wateja watano wa saa moja kwa siku wanatosha. Najua msimu wa Desemba hausikii ushauri huu.

## Hatua ya 2: Hoji kabla ya kugusa

Hatua hii niliifahamu kwa aibu. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kazini nilipoletewa na mwanawe mzee mmoja aliyelalamikia miguu mizito. Sikumuuliza chochote zaidi ya jina. Niliweka jiwe la moto chini ya wayo wake, na kila nilipouliza kama joto limezidi alinijibu kwa upole, "Endelea mwanangu, wala silihisi." Jibu lile nililipokea kama sifa. Nilipoliinua jiwe, ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa imejikunja na kuwa nyeupe kama nyama ya dafu, na yeye bado alikuwa akitabasamu. Alikuwa na kisukari kwa miaka 14 na nyayo zake zilikwisha kufa ganzi zamani. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga, na kwa wiki hizo zote mwanawe hakunitupia neno baya hata moja, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angenitukana.

Kosa langu lingezuiwa na swali moja. Lakini swali lenyewe lina namna ya kuulizwa. Ukimuuliza mtu wa hapa, "Una ugonjwa wowote?" atakujibu, "Alhamdulillahi, mzima," kwa sababu ndivyo tulivyolelewa kujibu tunapojuliwa hali, na jibu hilo ni la adabu kuliko la afya. Uliza jambo lenye mwili: "Leo asubuhi umemeza dawa gani?" Hapo mama aliyekuwa mzima sekunde moja iliyopita atafungua mkoba na kukuonyesha vidonge vya presha, vya sukari na vya kuzuia damu kuganda.

Mamkie mteja kama inavyostahili, mkalishe, na ukiwa umekaa kimo sawa naye anza hivi: "Naomba nikuulize maswali machache, mama, ili mkono wangu usije ukakudhuru." Kisha uliza, huku ukiandika:

1. Leo umekuja kwa ajili ya nini, na jambo hilo lilianza lini?
2. Unameza dawa gani, au unajidunga sindano gani?
3. Umeanguka, umevunjika au umepasuliwa miezi ya karibuni?
4. Umesafiri safari ndefu ya ndege au basi wiki hizi nne?
5. Kuna mahali panapokufa ganzi, palipovimba, penye upele au jeraha?
6. Kuna mafuta au chakula kinachokuwasha? (Taja lozi, ufuta na njugu kwa majina, kwani mafuta yake hutumika sana.)
7. Kwa mwanamke: una mimba, au umejifungua karibuni?
8. Umekula saa ngapi, na je, umefunga?
9. Ni sehemu gani ya mwili ambayo hutaki niiguse?

Swali la nane lina uzito wake mwezi wa Ramadhani. Aliyefunga tangu alfajiri, katika joto la pwani, anaweza kuona kizunguzungu anapoinuka kitandani, kwa hiyo ni bora aje baada ya kufuturu. Akikuuliza kama mafuta yanabatilisha saumu, mwambie swali hilo ni la sheikhe wake.

Majibu yote haya ni siri ya mteja. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, kwa hiyo daftari haliachwi juu ya meza ya mapokezi wala ukurasa wake haupigwi picha kutumwa kwenye kundi la simu.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja, mteja akiitikia: "Umekuja kwa ajili ya bega la kulia lililoanza kuuma Jumatatu, unameza dawa ya presha, na hutaki niguse tumbo."

## Hatua ya 3: Amua kama utakanda, utapunguza, au utamrudisha

Uamuzi huu ni wako, si wa mteja wala wa meneja aliyekwisha kupokea malipo. Ukilazimika kuchagua kati ya kurudisha fedha na kukanda mwili usioufahamu, rudisha fedha.

### Asiyekandwa kabisa leo

Mguu mmoja uliovimba. Shavu la mguu likiwa kubwa kuliko mwenzake, lina joto, linauma au rangi yake imebadilika, usiliguse. Damu huweza kuganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likibanduka kwa kusukumwa husafiri hadi kwenye mapafu na kuweza kuua kwa muda mfupi. Walio katika hatari zaidi utakutana nao kila wiki: mtalii aliyetua baada ya safari ya ndege ya zaidi ya saa nne, mtu aliyefungwa plasta ya kuvunjika mfupa au kupasuliwa, na mama aliye ndani ya siku arubaini za uzazi, kwani wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa ya damu kuganda. Mtalii atakuambia ni msuli uliokazana kwa kukaa. Huenda ni kweli. Usibonyeze ili kuhakikisha. Kuhakikisha ni kazi ya hospitali, siku hiyo hiyo. Kama pia anakosa pumzi au anaumwa kifua, piga simu ya dharura papo hapo.

Homa. Hapa Mombasa mtu anayesema "mwili wote unaniuma, nikande" huenda anaumwa malaria. Mji huu ulipatwa na mlipuko wa dengi mwaka 2013 na wa chikungunya kati ya 2017 na 2018, na magonjwa hayo yote huanza na maumivu ya misuli na viungo. Dengi, zaidi ya hayo, huweza kuufanya mwili uvuje damu kwa urahisi, na mkono mzito ukaacha mabaka. Mwenye homa apimwe kwanza.

Mgongo wenye dalili nyingine. Maumivu ya kiuno ni riziki yetu ya kila siku, lakini yakiambatana na ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu kulegea, mgonjwa anatakiwa kufika hospitali saa hiyo hiyo, kwani mishipa ya fahamu iliyobanwa chini ya uti wa mgongo isipofunguliwa mapema huweza kuacha ulemavu. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku huku akikonda bila sababu nayo ni ya daktari.

Presha iliyopanda mno. Mkalishe dakika tano kimya kabla ya kupima. Kipimo kikifika 180 kwa 120 au zaidi, subiri dakika tano nyingine urudie. Kikibaki hapo, usikande. Mwambie amwone daktari leo. Akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kikali, kuona ukungu au kulegea upande mmoja, usirudie kupima, piga simu ya dharura.

Mjamzito mwenye dalili za hatari. Kichwa kisichotulia, uso na mikono kuvimba, kuona nyota, kutokwa na damu au maumivu makali ya tumbo humpeleka kwa mkunga au hospitali, hata kama mama mkwe amesisitiza kwamba akandwe tumbo ili mtoto "akae sawa". Kumgeuza mtoto tumboni hakuna mahali katika kazi yetu.

### Anayekandwa kwa kupunguza

Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda akandwe kwa mkono mwepesi. Mwenye kisukari asiwekewe joto miguuni, wala usikande mahali alipojidunga insulini siku hiyo, kwa sababu kupasugua huiingiza dawa mwilini haraka kuliko ilivyokusudiwa. Mjamzito asiye na dalili mbaya, akipita wiki ya 20, alazwe ubavu, ikiwezekana wa kushoto, na mto kati ya magoti, ili uzito wa mimba usiubane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mzazi aliyepasuliwa mshonowe usiguswe, na mila ya kumkanda tumbo kwa maji ya moto isubiri kauli ya waliompasua. Mgeni aliyebabuliwa na jua, acha ngozi hiyo. Mishipa iliyotokeza miguuni, pita mbali nayo.

## Hatua ya 4: Pata idhini kwa maneno

Mtu kulala kitandani hakumaanishi amekubali kila kitu. Mweleze kabla: utakanda sehemu zipi, kwa dakika ngapi, atavua nini na hatavua nini, na kwamba anaweza kusema "basi" wakati wowote. Makalio, sehemu ya juu ya paja na kifua cha juu huombewa ruhusa ya pekee, kila safari, hata kwa mteja uliyemkanda kwa miaka kumi. Matiti na sehemu za siri havimo katika kazi hii.

Uliza pia kama anataka kukandwa na mwanamke au mwanamume. Kwa wateja wetu wengi Waislamu jambo hili halina mjadala, lakini wengi wataona haya kulitaja wakikuta mkandaji mmoja tu zamu hiyo, na badala ya kusema wataondoka wasirudi. Litaje wewe kwanza.

Aliye chini ya miaka 18 hakandwi bila mzazi au mlezi kuwa ndani ya chumba.

## Hatua ya 5: Funika, kisha funua kidogo kidogo

Toka nje wakati mteja anavua. Bisha hodi kabla ya kurudi, subiri "karibu", ndipo uingie.

Shuka ya juu imfunike tangu mabega hadi nyayo. Ukitaka kukanda mguu wa kushoto, kunja shuka kutoka chini hadi katikati ya paja, ipitishe chini ya paja hilo upande wa ndani, kisha ivute taratibu hadi ikaze kama bendeji. Ukifanya vizuri, mteja anaweza kutikisa mguu mzima na shuka isisogee hata inchi moja. Mguu mwingine na kiuno vibaki vimefunikwa. Ukimaliza, funika mguu huo kabla ya kufungua mwingine.

Mteja anapogeuka kulala chali, shika ncha za shuka zilizo upande wako, zibane kwa nyonga yako dhidi ya kitanda, inua upande wa pili ukiutazama ukuta, na umwambie ageukie kwako. Kwa mwanamke ongeza leso iliyokunjwa mara mbili juu ya kifua. Naipenda leso kuliko taulo dogo la hoteli: ni pana, haitelezi kwenye mafuta, na mama wa hapa akijifunika leso hujiona yuko kwake.

Dalili ya kufaulu ni ndogo lakini haidanganyi. Mikono ya mteja huacha kushikilia shuka.

## Hatua ya 6: Kanda ukijua pa kupita na pa kuepuka

Anza kwa kiganja kizima na uzito mdogo, dakika mbili au tatu, kabla ya kuongeza nguvu. Mwambie akupe namba: sifuri hakuna maumivu, kumi hayavumiliki. Usizidi sita. Wapo wanaoamini kwamba bila kupiga kelele hawajakandwa, na wapo wakandaji wanaojivunia kelele hizo. Lakini msuli unaoumizwa hujikaza ili ujilinde, na kesho yake mteja huamka na mabaka. Tazama pia vidole vya miguu na pumzi. Vidole vikijikunja au pumzi ikizuiwa, namba aliyokupa ni ya heshima, punguza.

Sehemu hizi hazibonyezwi kwa nguvu: mbele na kando ya shingo ulipo mshipa unaopiga, kwapani, upande wa ndani wa kiwiko, kinena, nyuma ya goti, na mgongoni chini ya mbavu za mwisho zilipo figo. Uti wenyewe wa mgongo usikandamizwe. Kanda misuli iliyo kandokando yake.

Usialishe shingo. Najua wateja huiomba, na mlio wake hufurahisha. Kuzungusha shingo kwa ghafla huweza kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi, hata kwa kijana.

Mafuta yenye harufu hayapakwi matupu. Katika mililita 30 za mafuta ya nazi, matone 12 ni kiasi cha asilimia 2 hivi, na hiyo inatosha kwa mafuta mengi. Ya karafuu ni makali kuliko mengine: usizidishe matone matatu kwa mililita hizo hizo, wala usiyapake usoni, kwa mjamzito au kwa mtoto. Jaribu mchanganyiko wowote ndani ya mkono wa mteja na usubiri dakika kadhaa.

Mawe ya moto yana kanuni zake. Maji ya nyuzi joto 60 huweza kuiunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde tano, kwa hiyo pima maji, lishike jiwe katika kiganja chako kwa sekunde kumi kamili, liweke juu ya taulo, na lisogeze. Jiwe lisikae tuli juu ya ngozi tupu. Na mteja akikuambia halihisi, liondoe mara moja.

## Hatua ya 7: Uchunge ulimi

Mikono ikishakuwa stadi, mdomo ndio unaovuka mpaka. Mteja aliyepata nafuu huanza kukuita daktari, na Waswahili walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimewasikia wakandaji wazuri wakimwambia mtu, "Diski yako imetoka," kwa kubonyeza tu, mwingine akamshauri mama aache dawa za presha kwa kuwa "mwili umelainika".

Unaruhusiwa kusema ulichokihisi: "Msuli wa bega hili umekaza kuliko wa upande wa pili." Huruhusiwi kutaja ugonjwa, kutoa dawa, kubadilisha dozi wala kuahidi kupona. Nchini Kenya wataalamu wa fiziotherapia wana sheria yao ya mwaka 2014 na baraza linalowasajili. Usijiite jina hilo kama hukusajiliwa, hata kama mteja wa hoteli halijui jina lingine la kukuita.

Akikubana kwa swali, "Basi unadhani ni nini?", jibu lipo na halina aibu: "Hilo liko nje ya kazi yangu, baba. Nitakuandikia karatasi umpelekee daktari." Karatasi yenyewe ni fupi, kwa mfano: "Mteja analalamika ganzi ya mkono wa kulia kwa wiki tatu, huzidi usiku. Sikumkanda shingo. Naomba achunguzwe." Tarehe, jina lako, basi.

## Hatua ya 8: Mpaka unapovukwa

Huenda akawa mteja. Anasogeza shuka makusudi, anakamata mkono wako, au anauliza kama kuna "huduma nyingine" kwa bei nyingine. Ondoa mikono yote miwili, rudi hatua moja nyuma kuelekea mlangoni, na sema kwa sauti ya kawaida: "Kazi yangu ni kukanda misuli peke yake. Jambo hili likirudiwa, nitasimamisha." Usicheke, kwa sababu kicheko cha aibu husikika kama ruhusa. Likirudiwa, toka, acha mlango wazi, mwite msimamizi, na uandike. Kwa sababu hiyo, mlango wa chumba cha kukandia usifungwe kwa ufunguo kutoka ndani, na kitanda kisiwe kati yako na mlango. Anayekwenda majumbani au vyumba vya wageni amwachie mtu anwani na saa ya kurudi.

Mwili wa mwanamume unaweza kuitikia mguso bila yeye kukusudia. Kama hakusema wala kufanya lolote, hamia begani au miguuni, ongeza tabaka la taulo, na endelea bila kulitaja.

Huenda pia akawa mkandaji, na hapa wenzangu hawapendi nilitaje. Aliyelala kifudifudi hana nguo, hana miwani, na hakuoni. Nguvu zote ziko kwako. Kumsifia umbo, kumwomba namba ya simu kwa jambo lisilo la kazi, kumweleza shida zako za kodi ili aongeze bakshishi, yote ni kuutumia unyonge wake wa saa hiyo. Bakshishi inayotolewa kwa hiari pokea, shukuru, ishie hapo.

## Hatua ya 9: Maliza, andika, na likitokea kosa

Mwambie mteja aketi ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama, kisha mpe maji. Presha hushuka mtu akilala muda mrefu akiwa ametulia, na mwenye safari ya kwenda kusimama kwenye msongamano wa feri ya Likoni akae nawe angalau dakika kumi. Futa nyayo zake mafuta kwa taulo kavu. Nimeona watu wakiteleza kwenye vigae hatua mbili kutoka kitandani.

Andika kabla ya mteja anayefuata: tarehe, sehemu ulizokanda, nguvu uliyotumia, alichosema, ulichokataa kufanya na sababu yake. Mistari mitano inatosha.

Likitokea kosa, acha kukanda papo hapo. Palipoungua pamwagie maji ya bomba yasiyo ya barafu kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta, kisha funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya. Aliyezirai mlaze chali na uinue miguu. Akiwa mjamzito, mlaze ubavu wa kushoto. Anayekosa pumzi au kuvimba midomo baada ya kupakwa mafuta ni dharura, piga 999 au 112.

Mweleze mteja ukweli kwa maneno mepesi: kilichotokea, ulichofanya, na anachotakiwa kufanya sasa. Mwandikie msimamizi siku hiyo hiyo, ukianza na saa na kitendo, bila kujitetea. Mpigie mteja simu kesho yake asubuhi. Mimi yule mzee nilimpigia siku ya tatu, nikiwa nimekwisha kuzunguka na simu mkononi siku mbili nzima, na yeye ndiye aliyeanza kuniuliza hali.